Kozi za hisabati chuoni: Tutafsiri dhana, si maneno

WATAHINIWA wa kidato cha nne wakishapata matokeo yao, huanza kuchagua kozi za chuo kikuu kupitia KUCCPS. Anayechagua shahada ya hisabati hukabidhiwa orodha ndefu ya masomo ya kusoma mwaka baada ya mwaka. Mzazi akimuuliza, “Mwanangu, huko utasoma nini hasa?” jibu aghalabu huwa fupi: “Hesabu tu.” Basi mzazi hubaki akijiuliza ni hesabu gani hiyo ya miaka minne, ilhali mtoto alijua kujumlisha na kutoa tangu darasa la tatu.

Tatizo hili ni la lugha kabla ya kuwa la hisabati. Majina ya masomo haya hutujia kwa Kiingereza, na tunapojaribu kuyasema kwa Kiswahili, tunatafsiri neno kwa neno. Matokeo ni jina linalosikika kama Kiswahili lakini halimwelezi mtu chochote, au linamweleza jambo jingine kabisa. Makala haya yanachukua masomo machache ya shahada hiyo kuonyesha kuwa jina zuri la kozi hutokana na dhana yenyewe.

Tuanze na jina la shahada. Maneno ‘hesabu’ na ‘hisabati’ yana mzizi mmoja wa Kiarabu, lakini Kiswahili kimeyagawia kazi. Hesabu ni tendo la kuhesabu, au kiasi kinachopatikana. Ndiyo maana twasema hesabu za duka na hesabu za chama. Hisabati ni taaluma inayochunguza idadi, maumbo, mpangilio na mabadiliko, na kuthibitisha kanuni zake kwa hoja. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kumaliza wiki nzima bila kujumlisha nambari yoyote, kwa sababu kazi yake ni kuthibitisha. Kwa hivyo anayejibu “hesabu tu” amemnyima mzazi wake maelezo yaliyo muhimu zaidi.

Somo la kwanza analokutana nalo mwanafunzi huyo ni kalkulasi. Jina hili limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kijiwe, kwa kuwa watu wa kale walihesabu kwa vijiwe. Wapenzi wa lugha watakumbuka kuwa nasi tuna ‘kokoto’, na pia tuna ‘kukokotoa’ na ‘kikokotoo’. Sidai kwamba neno moja limezaa jingine, ila ukaribu huo wa sauti unasaidia kumbukumbu. Hata hivyo, asili ya jina haituelezi somo lenyewe. Kalkulasi ni taaluma ya kupima mabadiliko.

Chukua mfano wa matatu inayotoka Nairobi kwenda Nakuru, mwendo wa takriban kilomita 160. Ikitumia saa mbili, wastani wa mwendo wake ni kilomita 80 kwa saa. Lakini wastani hauelezi ilikuwa ikienda kasi gani ilipopita Naivasha. Ili kujua kasi ya wakati ule, tunapima umbali uliosafiriwa kwa dakika moja, kisha kwa sekunde moja, kisha kwa muda mfupi zaidi, tukitazama jibu linakaribia wapi. Kukaribia huko ndiko kiini cha kalkulasi.

Sasa hebu tutazame somo linalofuata, ambalo wengi hulitafsiri kuwa ‘uchanganuzi halisi’. Hapa sarufi inatutega. Katika Kiswahili, kivumishi hueleza nomino iliyo mbele yake. ‘Uchanganuzi halisi’ basi ni uchanganuzi wa kweli, kana kwamba kuna mwingine wa bandia! Kinachokusudiwa ni uchanganuzi wa nambari halisi, yaani nambari zote zinazojaza mstari wa vipimo bila kuacha pengo. Uhalisi ni wa nambari, si wa uchanganuzi. Kiungo ‘wa’ na nomino ‘nambari’ vikiachwa, maana nzima inapotea.

Je, somo hili linafanya nini ambacho kalkulasi haikufanya? Linadai uthibitisho. Turudi kwenye matatu yetu. Sheria inaizuia kupita kilomita 80 kwa saa. Tuseme imefika Nakuru kwa saa moja na dakika 45. Wastani wake ni zaidi ya kilomita 91 kwa saa. Dereva anaweza kuapa kwamba hakuna polisi aliyemwona akivunja sheria, lakini hisabati haihitaji shahidi. Ipo kanuni inayothibitishwa katika uchanganuzi wa nambari halisi kwamba lazima pawe na wakati fulani njiani ambapo kasi yake ililingana kabisa na wastani huo. Mwanafunzi wa kalkulasi huitumia kanuni hiyo. Mwanafunzi wa uchanganuzi hueleza kwa nini haiwezi kukosea.

Lipo pia somo la nambari changamano. Wapo wanaoziita ‘nambari tata’, na jina hilo huwatisha wanafunzi kabla hata hawajaketi darasani. Utata ni ugumu au maana zaidi ya moja. Kuchangamana ni kuungana. Wanaofunza sarufi wanalijua neno hili vizuri. Sentensi changamano si sentensi ngumu. Ni sentensi yenye kishazi huru na kishazi tegemezi vilivyounganishwa. Nambari changamano nayo ina sehemu mbili zilizoungana: sehemu halisi na sehemu ya kufikirika, ambayo hutegemea kipeuo cha pili cha hasi moja. Mwalimu akianzia hapo, mwanafunzi anayeikumbuka sarufi yake ya sekondari atakuwa amefika nusu ya safari.

Mtego mwingine ni ‘milinganyo tofauti’. Msikilizaji ataelewa kuwa ni milinganyo mbalimbali, ya aina hii na ile. Lakini somo linalokusudiwa hushughulikia milinganyo inayohusisha kiasi na kasi ya kubadilika kwake. Chai iliyotoka jikoni hupoa haraka mwanzoni, kisha hupoa polepole kadiri inavyokaribia joto la chumba. Kasi ya kupoa inategemea joto lililosalia. Ukiandika habari hiyo kwa alama, umepata mlinganyo wa aina hiyo. Kwa maoni yangu, ‘milinganyo tofautishi’ ni afadhali, na ‘milinganyo ya mabadiliko’ ingeeleweka hata na asiyesoma hisabati.

Katika aljebra dhahania, neno la kawaida ‘kundi’ hupewa kazi maalumu. Mtaani, watu wowote waliokusanyika ni kundi. Kwa mwanahisabati, kundi ni mkusanyiko wenye kanuni ya kuunganisha vitu vyake bila kutoka nje ya mkusanyiko huo. Saa yetu ya Kiswahili ni mfano mzuri. Saa nne ukiongeza saa kumi, unapata saa mbili, si saa kumi na nne. Ukiongeza saa kumi na mbili, mshale unarudi ulipokuwa, kwa hivyo kumi na mbili inafanya kazi ya sifuri. Na kila saa ina mwenzake wa kuirudisha mwanzo: nne kwa nane, tano kwa saba. Hapa neno halikuhitaji kubadilishwa, lilihitaji fasili.

Tunajifunza nini kutokana na mifano hii? Mosi, tusitafsiri jina kabla ya kuielewa kozi. Pili, tuchunge mpangilio wa maneno, hasa kivumishi na kile kinachokieleza. Tatu, pale ambapo neno la kigeni limekwisha kuzoeleka, kama kalkulasi, aljebra na topolojia, tusipoteze muda kulipinga. Tuwekeze katika maelezo yake. Nne, tusianze upya kila siku. Tanzania imefundisha hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi kwa miongo mingi, na istilahi kama ‘mlinganyo’ zimekomaa huko.

Sisemi kwamba mihadhara ya hisabati igeuzwe kuwa ya Kiswahili kesho asubuhi. Ila Katiba ya 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi, na lugha rasmi isiyoweza kutaja masomo ya vyuo vyake ina kasoro. Zaidi ya hayo, baadhi ya wanafunzi hawa watarudi shuleni kuwa walimu. Aliyekariri jina bila dhana atafunza fomyula bila sababu, na mwanafunzi wake naye ataichukia hisabati akidhani ni ngumu, kumbe alichokosa ni maelezo. Kwa hivyo, ewe mwanafunzi wa shahada hii, mzazi akiuliza tena unasoma nini, mweleze habari za matatu, chai na saa. Ukishindwa kueleza kwa Kiswahili, rudi kwenye daftari lako usome tena.