Seli ya Muhogo na Seli ya Mlaji

Katika Chiwanda na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, muhogo ni miongoni mwa mazao muhimu ya chakula. Kila mkulima anajua kwamba muhogo mchungu haufai kuliwa kabla ya kulowekwa na kuanikwa. Sababu ya jambo hilo imo ndani ya seli, yaani chembe ndogo zinazojenga mwili wa kila kiumbe hai.

Sehemu za seli

Seli ya mmea na ya mnyama zinafanana katika mambo mengi. Zote zimezungukwa na utando mwembamba unaochagua vitu vya kuingia na kutoka. Ndani ya utando huo mna ute uitwao saitoplazimu, na humo mna kiini, ambacho hutunza maelekezo ya urithi na kuongoza kazi za seli. Mna pia mitokondria, ambamo chakula huunguzwa kwa oksijeni ili kutoa nishati.

Hata hivyo, zipo tofauti. Seli ya mmea ina ukuta mgumu wa selulosi nje ya utando. Katika majani ina kloroplasti, zinazotengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga wa jua. Aidha, seli ya mmea iliyokomaa huwa na vakuoli kubwa, yaani mfuko wa majimaji ambamo huhifadhiwa sukari, chumvi na hata sumu. Seli ya mnyama haina ukuta wala kloroplasti, na vakuoli zake, kama zipo, ni ndogo.

Sumu na ufunguo wake

Ndani ya vakuoli za muhogo mna kemikali iitwayo linamarini. Katika ukuta wa seli mna kimeng'enya kiitwacho linamarasi, chenye uwezo wa kuivunja linamarini hiyo. Maadamu seli ni nzima, viwili hivi havikutani. Mnyama anapotafuna mzizi au jani, seli hupasuka, linamarini hukutana na linamarasi, na mwishowe hutoka sianidi, ambayo ni sumu kali. Hiyo ndiyo silaha ya mmea dhidi ya walaji wake.

Binadamu amejifunza kuigeuza silaha hiyo. Muhogo unapolowekwa kwa siku tatu hivi, vijidudu huulainisha, kuta za seli hulegea, na sianidi hutoka kabla chakula hakijafika mdomoni. Sianidi huchemka katika nyuzi 26 hivi za Selsiasi. Kwa hiyo hutoroka hewani kwa urahisi. Kwa sababu iyo hiyo kisamvu hutwangwa kwanza, ndipo kikapikwa. Kuchemsha vipande vikubwa vya muhogo mchungu hakutoshi: joto huharibu kimeng'enya mapema, na linamarini nyingi hubaki. Kukausha mizizi juani bila kuiloweka nako huacha sumu nyingi, kwani seli zilizopasuka ni chache.

Ndani ya seli ya mlaji

Sianidi ikiingia mwilini hushambulia mitokondria. Hukiziba kimeng'enya kinachotumia oksijeni, na seli hukosa nishati ingawa damu imejaa oksijeni. Mwili hujikinga kwa kuigeuza sianidi kuwa tiosianati, isiyo na ukali kama huo, nayo hutoka kwa mkojo. Kazi hiyo huhitaji salfa, ambayo mwili huipata katika protini. Hapa ndipo usipa na samaki wengine wa Ziwa Nyasa wanapokuwa zaidi ya kitoweo.

Watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vyema kwa majuma mengi, huku protini ikiwa haba, huweza kupata konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Huwapata zaidi watoto na wanawake. Ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 huko Kongo. Nchini Tanzania ulitokea wilayani Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliripotiwa katika wilaya za Mtwara na Mbinga. Ukame huzidisha linamarini katika mizizi, na njaa huwafanya watu wafupishe siku za kuloweka.

Kinga iliyo rahisi

Unga wa muhogo ambao bado una sumu huweza kusafishwa. Huchanganywa na maji, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja, kisha ukaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Maji huwezesha kimeng'enya kilichobaki kuifikia linamarini, na sianidi hupotea hewani. Unga huo hupikwa siku iyo hiyo. Kiwango salama kilichokubaliwa kimataifa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja ya unga.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wakwangue kidogo nyama ya muhogo mtamu, waiweke juu ya kioo pamoja na tone la iodini, kisha waitazame kwa hadubini. Chembe za wanga zitaonekana zimegeuka rangi ya buluu iliyokoza, na katika vipande vyembamba kuta za seli zitaonekana pia. Vakuoli hazitaonekana kwa urahisi, lakini kuta hizo ndizo zinazopaswa kulegezwa ili muhogo mchungu uwe chakula. Mikono ioshwe baada ya jaribio, na muhogo uliotumika usiliwe.