Je, Wajua? Kioo cha pembeni humwonya dereva wa lori
Je, wajua kwamba dereva wa lori nchini Marekani huweza kujua barabara imeanza kuganda kwa kugusa kioo cha pembeni? Vitabu vya mafunzo ya leseni humfundisha dereva mpya kushusha dirisha na kupapasa upande wa mbele wa kioo. Akikuta utando wa barafu, huenda lami nayo imeshaanza kuganda. Dalili nyingine: magari ya mbele yanaacha kurusha maji ilhali barabara bado inang'aa.

Barafu inayoteleza zaidi si ya baridi kali, ni ile iliyo karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, iliyolowa juu. Madaraja hutangulia kuganda. Kwenye theluji iliyoshindiliwa mwendo hupunguzwa kwa nusu au zaidi. Kwenye barafu ni kutambaa tu, kisha kutafuta pa kuegesha.

Na breki ya injini, mkombozi wa mteremkoni, hapa huzimwa. Breki hiyo hushika matairi yanayozungushwa na injini peke yake. Yakiteleza, tela husukuma kichwa, lori likajikunja kama kisu cha mfukoni.

Jimboni Colorado, malori ya biashara yanayopita milimani kwa barabara ya I-70 hutakiwa kubeba minyororo ya matairi kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, hata jua likiwaka.