Usalama wa Wafanyakazi kwenye Visima vya Gesi Baharini

Dumila, njia panda ya kwenda Kilosa katika barabara ya Morogoro na Dodoma, iko mbali na bahari. Hata hivyo, umeme wa gridi ya Taifa unaowasha taa za huko hutokana kwa sehemu na gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa. Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Baadhi ya visima vyake vimo majini. Yafaa basi kuuliza: wafanyao kazi huko hulindwa na nini?

Wengi watajibu kofia ngumu na buti. Jibu hilo halitoshi, kama ilivyodhihirika kwenye jukwaa la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988. Mchana wa siku hiyo mafundi waliondoa vali ya usalama ya pampu moja ya mafuta mepesi yatokanayo na gesi, wakaziba tundu kwa kifuniko cha chuma kisichokazwa barabara. Kazi haikwisha. Hati iliyoeleza kwamba vali haipo iliwekwa mbali na hati nyingine ya pampu hiyo hiyo. Usiku, pampu ya pili ilipozimika, zamu iliyokuwapo haikujua habari ya vali, ikajaribu kuwasha ile ya kwanza. Mvuke ukavuja, ukalipuka. Pampu za kuzimia moto zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono tu, ili wapiga mbizi wasifyonzwe na maji. Wala hakuna aliyeweza kuzifikia. Majukwaa ya jirani nayo yakaendelea kwa muda kusukuma mafuta na gesi. Watu 167 walikufa.

Ripoti ya Jaji Cullen ya mwaka 1990 ilitoa mapendekezo 106. Mawili yana uzito wa pekee. Kwanza, kampuni yenyewe ithibitishe kwa maandishi kwamba imezitambua hatari zake na kuzidhibiti, badala ya kungoja mkaguzi ahesabu vifaa. Pili, ukaguzi uondolewe katika wizara ya nishati, kwani anayehimiza uzalishaji hawezi kwa urahisi kuamuru usimamishwe.

Tanzania ilikuwa na Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950 hadi ilipopitishwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo husimamiwa na OSHA, wakala ulio upande wa kazi, si wa nishati. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliongeza PURA, msimamizi wa utafutaji na uchimbaji. Mgawanyo huo ni mzuri, ila majaribu yake yako kazini. Huko Songo Songo baadhi ya visima vya baharini vilipata kutu katika mabomba ya ndani, vikahitaji ukarabati uliofanyika mwaka 2015. Kufunga kisima ni kupunguza umeme wa Taifa, na anayeamua hivyo hulaumiwa mara moja, ilhali ajali aliyoiepusha haionekani na mtu.

Tena, mkaguzi wa kiwanda cha Morogoro hupanda basi. Wa baharini huhitaji mashua au helikopta, ambayo huenda ikawa ya kampuni ile ile anayokwenda kuikagua.