Elimu ya uzazi yamhusu mume pia

Katika nyumba nyingi za vijiji vya Ufipa, fedha na usafiri vimo mikononi mwa mume. Yeye ndiye husema, "Twendeni hospitali." Je, anajua ni wakati gani wa kusema hivyo?

Fabiola Moshi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dodoma, katika utafiti wao mkoani Rukwa mwaka 2017 na 2018, hawakumfundisha mjamzito peke yake; walimfundisha pamoja na mumewe. Waliopata mafunzo hayo walizidi wenzao kwa ujuzi wa dalili za hatari na maandalizi ya kujifungua.

Uso kuvimba, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu hudhaniwa uchovu wa mimba, kumbe huenda ni dalili za kifafa cha mimba. Damu ikitoka, hata kidogo, ni safari ya hospitali hapohapo. Na atafutaye gari usiku wa masika kutoka Bonde la Rukwa kupanda Sumbawanga amechelewa. Gari, akiba na ndugu wa kutoa damu hupangwa mapema.

Maimamu wetu wanaotoa nasaha siku ya nikaha wanaweza kuyaeleza haya kwa dakika tano, bwana harusi akiwa mbele yao.