Umbo la Plazima na Njia ya Joto Kutoka

Joto linaloivisha alizeti katika mashamba ya Ulemo, wilayani Iramba, hutokana na muungano wa viini vya hidrojeni katika kitovu cha Jua, penye nyuzijoto milioni 15 hivi za Selsiasi. Wanasayansi hujaribu kuuleta muungano huo duniani kwa mtambo uitwao tokamaki, ambao chumba chake kina umbo la tairi. Humo gesi hupashwa joto hadi kupita nyuzijoto milioni 100, ikawa plazima. Hii si plazima ya damu waijuayo wahudumu wa afya. Ni gesi ambayo atomu zake zimetengana na elektroni zao, nayo huzuiwa na nguvu za sumaku isiguse kuta.

Hata hivyo, joto halina budi kutoka. Huelekezwa kwenye vigae vya tungsteni, metali inayoyeyuka kwa nyuzijoto 3,422. Katika mtambo wa ITER unaojengwa kusini mwa Ufaransa, vigae hivyo vimesanifiwa kupokea megawati 10 kwa kila mita ya mraba, na hadi 20 kwa muda mfupi. Muuguzi aliyewahi kuhudumia majeraha ya moto huelewa tatizo lililopo: madhara hayategemei ukali wa joto pekee, bali pia upana wa eneo lililoguswa na muda wa kuguswa.

Hapo ndipo umbo linapohusika. Kwa miaka mingi plazima imefinyangwa mfano wa herufi D, mgongo wake ukielekea tundu la katikati. Umbo hilo hutunza joto vizuri, lakini shinikizo hujaa ukingoni na kufumuka mara kwa mara, kama mvuke unavyorusha mfuniko wa sufuria. Kila mfumuko huviunguza vigae.

Katika mtambo wa TCV mjini Lausanne, Uswisi, na ule wa DIII-D huko San Diego, Marekani, hasa katika majaribio ya mwaka 2023, watafiti waliigeuza D hiyo, tumbo likaelekea katikati. Mifumuko ilitoweka, ilhali kiini cha plazima kiliendelea kutunza joto. Tena joto lilitua kwenye duara la nje lililo pana zaidi, likasambaa. Gharama yake ni kwamba ukingo hubeba shinikizo dogo, na plazima huwa ngumu zaidi kuidhibiti isipande wala kushuka.

Bado hakuna kituo kinachouza umeme wa aina hii, na mhudumu anayetunza chanjo katika jokofu hawezi kuutegemea leo. Lakini kanuni yake anaijua kwa kila mgonjwa mwenye homa: joto linalozalishwa sharti lipate njia salama ya kutoka.