Fokker ya ndala: Kuunda ndege ndogo Malindi bila seti ya dukani

Kama hupita barabara ya Mombasa karibu na uwanja wa ndege wa Malindi, huenda ushaniona. Mimi ndiye yule jamaa mwenye daftari, shingo juu, mdomo wazi kila ndege ikishuka. Picha sipigi, maana askari watakuhoji mpaka usahau jina lako. Nachora tu. Bawa limekaa juu ya madirisha au chini? Panga boi lina mapanga mangapi? Mlango uko upande gani? Nikifika nyumbani naiunda ndege hiyo hiyo, ila yangu inaenea kwenye sinia la wali.

Shuleni tulifunzwa kwamba uraibu ni shughuli unayoipenda na kuifanya wakati wa mapumziko. Wangu ulianza mapumziko yalipokuwa mengi kupita kiasi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili. Watu huwaambia ni karo, na kweli karo iliisha, lakini hata kabla haijaisha nilikuwa nishaanza kukwepa darasa. Nikarudi kwetu na begi moja, nikawa mtu wa kuamka saa tano. Mjomba akija kutusalimia, najifungia chooni mpaka aondoke.

Wenzetu ng'ambo hununua seti za Airfix au Tamiya: vipande vya plastiki viko tayari, kazi yako ni gundi na rangi. Mimi kutoka Mtwapa hadi Malindi sijaona duka la seti hizo, na kuagiza ni pesa ya kodi ya nyumba. Kwa hivyo ndege yangu ya kwanza niliichonga kwa lile povu jeupe linalofungiwa televisheni mpya. Siku tatu za wembe na msasa. Ikapendeza, wallahi. Nikanunua rangi ya kopo ya kupulizia, nikapuliza mara moja tu, bawa la kushoto likaanza kuyeyuka mbele ya macho yangu kama siagi kwenye chapati. Baadaye ndipo nikasoma kwamba tina iliyomo kwenye rangi hula povu lile. Kama nililia? Tuendelee.

Tangu hapo natumia ndala. Bahari hutuletea ndala bure, tena za kila rangi. Naziokota ufuoni, naziosha chumvi, nagandisha mbili tatu kwa gundi, kisha nachonga kiwiliwili. Mpira wa ndala haubishani na wembe. Tatizo ni kwamba unalegea, kwa hivyo ndani ya bawa napitisha chelewa mbili za mnazi, zile zile za ufagio. Ndege halisi nayo ina mhimili ndani ya bawa, na kazi yake ni hiyo hiyo. Juu nabandika vipande vyembamba vya gazeti kwa gundi ya mbao, tabaka tatu, halafu msasa mpaka vidole viume. Madirisha ni plastiki ya chupa ya maji, magurudumu ni vifungo vya shati. Panga boi nachonga kwa mwarobaini, mti ambao wachonga vinyago wa hapa Malindi wanaujua vizuri. Fundi mmoja mzee hunipa vipande vyake vya kutupa, nami humpelekea kahawa na kashata.

Sasa hesabu. Ukiunda kwa kukisia utapata mdoli tu. Wapenzi wengi wa ndege hizi hutumia kipimo cha 1 kwa 72, yaani kila sentimita 72 za ndege halisi zinakuwa sentimita 1. Namba hiyo ilinisumbua sana. Mbona isiwe 100? Kumbe ni mambo ya futi na inchi. Futi 6 ni inchi 72, kwa hivyo mtu wa futi 6 anakuwa inchi 1 kamili. Mwaka 1942, vita vimepamba moto, jeshi la wanamaji la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule waunde ndege nusu milioni za kipimo hicho, ili watu wajifunze kutofautisha ndege ya rafiki na ya adui kwa kuangalia umbo. Na usidhani vita hivyo vilikuwa mbali. Mwaka 1940 ndege za Italia ziliangusha mabomu hapa hapa Malindi. Siku hizi Waitaliano tunawauzia madafu.

Cessna Caravan, yenye karibu mita 15.9 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine, inakuwa sentimita 22. Fokker 50 yenye mita 29 inakuwa sentimita 40 na ushei. Vipimo viko bure kwenye intaneti. Wewe gawanya tu kwa 72, na usiidanganye rula.

Rangi ndiyo huharibu kazi za wengi. Usipake kana kwamba unapaka geti! Tabaka la milimita 1 kwa kipimo hiki ni sawa na kuipaka ndege halisi rangi yenye unene wa sentimita 7. Milango inamezwa. Ipunguze kwa tina, paka nyepesi, ngoja ikauke, paka tena. Nyeupe safi nayo inawaka mno kwenye kitu kidogo, kwa hivyo naitia tone la kijivu. Mistari midogo nachora kwa rangi ya kucha, na ndiyo maana dada yangu amenipiga marufuku chumbani kwake.

Halafu kuna hewa yetu ya pwani. Wakati wa kusi, mvua zikiwa karibu, unyevu huingia kwenye rangi inapokauka, ikatoka na ukungu mweupe kama kioo ulichokipumulia. Niliharibu mabawa mawili hivyo mwezi Mei. Sasa kuchonga nafanya kusi, rangi naiwekea kaskazi, kuanzia Desemba. Kama wavuvi tu.

Mama hakufurahia. "Wewe mwanangu, wenzio wanaunda maisha, wewe waunda videge?" Sikuwa na jibu. Miezi michache baadaye mgeni mmoja mzee aliiona Caravan yangu kibarazani, akaigeuzageuza, akatoa shilingi 2,000. Ilikuwa imenichukua wiki sita. Piga hesabu, haifiki hata shilingi 50 kwa siku. Lakini tokeni za stima zilikuwa zimeisha, siku ya pili hiyo, mama yuko jikoni na mshumaa. Nikauza.

Iliyoniuma si bei. Bawa la kulia lilikuwa limepinda kidogo. Kila siku nilikuwa najiambia nitalinyoosha kesho, na sasa liko kwenye kabati la mtu huko Italia, limepinda vile vile. Mama alizihesabu noti mara mbili, kisha akauliza, "Na ingine yaisha lini?"

Ingine ni Fokker 50, iko mezani ninapoandika. Yamebaki mapanga. Injini ni 2, kila moja ina mapanga 6, jumla 12, kila moja fupi kuliko njiti ya kiberiti, na yote lazima yapinde upande mmoja. Mtoto wa jirani, gredi ya nne, huja kila jioni kuyahesabu. Jana alihesabu kwa kidole, akanitazama.

"Kaka, bado matatu."