Komwe Ishirini na Nne Mkekani

Alinijia mjane mmoja kutoka pande za Msambweni, amefuatana na binti yake wa gredi ya tano. Marehemu mumewe aliacha minazi 24, yote yazaa sawa. Warithi ni mjane mwenyewe, mama wa marehemu, mabinti wawili, na ndugu wa marehemu kwa baba na mama. Deni halikuwapo, wala wasia. Huyo shemeji alikuwa amekwisha kumpa mjane minazi miwili. Hoja yake ni kwamba mama hutoa kwanza sudusi yake, minazi minne, kisha mjane hupata thumuni ya ile 20 iliyosalia. Na kwa kuwa mnazi haukatwi nusu, basi ni miwili. Kilichobaki kikaangukia kwake yeye. Sidhani alikusudia dhuluma. Hesabu ndiyo aliyoikosa.

Sikumjibu kwa maneno. Niliziomba komwe za bao, nikamhesabia yule mtoto 24, nikamwambia azipange mkekani kwa safu zilizo sawa, isisalie hata moja. Akapata safu moja ya 24, safu mbili za 12, tatu za nane, nne za sita. Kwa safu tano zikamsalia nne, akazivuruga. Kwa safu sita akapata nne nne, akacheka: "Maalim, si zile zile, nimezigeuza tu!"

Hapo ndipo pa kusimama. Jozi zikianza kujirudia, vigawo vimekwisha: 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Mama msomaji, jaribu na wako nyumbani kwa 30, kisha kwa 23, ambayo haikubali ila safu moja au safu za komwe moja moja. Ndiyo iitwayo namba tasa. (Njugu mawe pia zafaa, ila huliwa kabla hesabu haijesha.)

Hisa zilizotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na 12, ni sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Kwa hisa hizo wanazuoni wa faraidhi waliweka asili saba za masala: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Zitazame tena: hakuna hata moja isiyokuwa kigawo cha 24. Ikikutana thumuni na sudusi, hutafutwa namba ndogo kabisa inayogawika kwa 8 na kwa 6, nayo ni 24. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad katika karne ya 9, alitenga humo sehemu kubwa kwa masala ya wasia na mirathi.

Na kila hisa hutolewa katika mali yote, baada ya mazishi, madeni na wasia. Haitolewi katika masalio ya mwenzake. Mtoto akagawa: thumuni ya mamake, komwe tatu, sudusi ya bibi, nne, thuluthi mbili za mabinti, 16, nane kwa kila mmoja. Ikabaki moja, ya ami yake.

Jioni shemeji aliitwa. Komwe zilikuwa bado mkekani. Alizihesabu mwenyewe mara mbili, kisha akauliza mnazi wake ni upi.